Paa Kwanza, Ukuta Baadaye

Kila mtu anayekarabati nyumba hapa kambini ananiuliza swali lilelile: ukuta uwe na unene gani? Wengine wanapima kwa kiganja, wengine kwa urefu wa tofali. Ninaelewa kwa nini wanauliza. Ukuta ndio unaoonekana, ndio jirani anaousifu akipita. Lakini baada ya miaka mingi ya kulala kwenye baridi ya Gihembe, na sasa kwenye joto la Mahama, jibu langu ni kwamba ukuta ni swali la tatu. La kwanza ni paa. La pili ni matundu. Nitaeleza nilivyofika hapo, na hesabu yake nitaiweka wazi ili usinikubali kwa maneno tu.

Kwa wasioijua Gihembe: kambi ile ilikuwa juu ya kilima karibu na mji wa Byumba, wilaya ya Gicumbi, kaskazini mwa Rwanda, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ilifunguliwa 1997 kwa ajili yetu Wakongo, wengi tukitoka upande wa Kivu ya Kaskazini. Ilidumu hadi 2021, tulipohamishiwa Mahama kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula kilima na kusogelea nyumba. Hiyo ni karibu miaka 24. Kuna watu walizaliwa pale, wakaoa pale, wakazaa pale, na nyumba bado inaitwa ya muda.

Baridi ya pale si ya theluji. Mgeni mmoja aliyetoka Ulaya aliwahi kuniambia, huku anacheka, kwamba nyuzi 12 kwao ni siku nzuri ya kutembea. Sikubishana naye. Lakini kwao nyuzi 12 zinabaki nje ya mlango. Kwetu zilikuwa zinaingia na kulala nasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa 2018, linashauri joto la ndani lisipungue nyuzi 18 wakati wa baridi. Mimi nilikuwa na kipimajoto kidogo nilichopewa kazini, maana nilikuwa kibarua wa posho kwenye mambo ya makazi. Nilipokiweka ndani ya nyumba za block yetu saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, kilisoma 14, mara nyingine 15. Nje kilisoma 12. Yaani nyumba nzima, na watu sita ndani yake, ilikuwa imeishinda baridi kwa nyuzi mbili na kitu tu.

Kila mtu alikuwa na njia yake ya kupigana na hali hiyo. Wengine walilala na nguo zote. Wengine waliweka watoto katikati na wazazi pembeni. Na wengi, tuseme ukweli, waliingiza mbabula ndani baada ya kupika, makala bado mekundu, wakafunga mlango.

Usiku mmoja jirani yetu, mama wa watoto wanne, alitambaa hadi mlangoni na kuusukuma kwa kichwa. Tulimkuta amelala nusu ndani, nusu nje, anatapika, hawezi kusimama. Watoto wawili walikuwa wamelegea kama nguo zilizolowa. Tuliwatoa nje kwenye ile baridi waliyokuwa wanaikimbia, tukawapepea, tukawabeba hadi kituo cha afya. Wote wanne na mama yao walipona, Mungu asifiwe. Yule mama aliamshwa na mtoto wa mwisho aliyekuwa analia. Mtoto huyo alilala karibu na mlango, penye upenyo wa chini. Upenyo ule ule uliokuwa unaleta baridi ndio uliompa pumzi.

Makala yakiwaka bila hewa ya kutosha yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi kama moshi. Moshi wa kuni unakufukuza. Hii inakubembeleza ulale. Kwa hiyo kumwambia mtu "usiingize mbabula" ni kweli kabisa, lakini haitoshi. Mama yule alinijibu vizuri kesho yake: "Sawa, mwanangu, nimesikia. Sasa uniambie na watoto watalala na nini."

Sikuwa na jibu siku ile. Nilikwenda kulitafuta kwa daftari.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila ni lazima ukubali jambo moja: baridi haiingii. Ni joto linalotoka. Na joto ndani ya nyumba zetu lilitoka wapi, kama hakuna moto? Lilitoka kwetu sisi. Mtu mzima akilala anatoa joto la wati kama 75 hivi, kama taa ya zamani ya globu. Watu sita ni wati 450. Sisi wenyewe ndio jiko la nyumba. Swali ni nyumba inapoteza kiasi gani.

Nilichukua nyumba ya yule mama: mita 3 kwa 4, kuta za udongo za sentimita 20, urefu mita 2 na kidogo, paa la shitingi juu ya fito, bila dari. Nikauliza: ili ndani pawe nyuzi 18 na nje ni 12, tofauti ya nyuzi 6, joto litapotea wapi?

Kuta zote kwa pamoja ni kama mita za mraba 30. Ukuta wa udongo wa sentimita 20 unapitisha kama wati 2 kwa kila mita ya mraba, kwa kila uzi mmoja wa tofauti. Kwa hiyo 30 mara 2 mara 6, ni wati 360.

Paa ni mita za mraba 12 tu. Lakini shitingi ni jani jembamba, na bati nalo ni hivyohivyo. Kwa joto ni kama hakuna kitu, linapitisha kama wati 6. Kwa hiyo 12 mara 6 mara 6, ni wati 430. Paa dogo linapoteza kuliko kuta zote nne.

Halafu upepo. Kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, pembeni mwa mlango vidole viwili. Hewa yote ya nyumba ikibadilika mara 5 kwa saa moja, unapoteza wati 260 nyingine.

Jumla ni wati 1,050. Tulionao ni 450. Pengo ni wati 600. Kwa usiku wa masaa kumi hilo pengo ni sawa na nguvu ya robo tatu ya kilo ya makala. Ndiyo hiyo iliyokuwa kwenye mbabula ya jirani yetu. Hakuwa mjinga. Alikuwa analipa deni la paa lake kwa makala.

Nilipeleka daftari kwa mzee mmoja fundi, mtu wa Masisi aliyejenga nyumba nyingi kabla ya vita. Nilikuwa na wazo la kuongeza tofali la pili nje ya kuta, tufike sentimita 40. Aliangalia namba zangu bila kuvaa miwani, kisha akaangalia juu.

"Weye kijana, unamvalisha mtu koti mbili na kichwa umekiacha wazi? Hii nyumba inakufa kwa kichwa."

Kisha akauliza maji ya kukanyaga udongo wote huo yatatoka wapi. Nikapiga hesabu: mita 30 za mraba kwa unene wa sentimita 20 ni mita 6 za ujazo, zaidi ya tani 10 za udongo. Kwenye kilima ambacho tayari kinamomonyoka. Kwa watu wanaopanga foleni ya maji na ndoo mkononi. Na faida yake? Kuta zingeshuka kutoka wati 360 hadi kama 215. Tani kumi za udongo zinaokoa wati 145.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri udongo. Udongo ni mzito, una nguvu, unashika joto na kulitunza, lakini hauzuii joto kupita. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia. Majani makavu ni hewa iliyofungwa ndani ya maelfu ya mirija midogo. Ndiyo maana kiota cha ndege hakijengwi kwa mawe. Sentimita 5 za majani makavu, yaliyobanwa vizuri, zinazuia joto kuliko sentimita 40 za udongo.

Tukarudi kwenye hesabu. Tukiweka dari ya magunia yaliyojazwa majani, unene wa sentimita 5, paa linashuka kutoka wati 430 hadi kama 80. Tukiziba matundu, tukiacha makusudi tundu moja la kupumua juu, upepo unashuka hadi kama 130. Kuta hatujazigusa kabisa. Jumla mpya ni wati 570. Tulionao ni 450. Pengo limetoka 600 hadi 120, bila tofali hata moja.

Tulifanya hivyo kwa yule mama, watu wanne, siku tatu. Magunia matupu ya unga wa mahindi, tuliyafua na kuyakausha. Nyasi tulikata kwa ruhusa, tukazianika juani hadi zikavunjika ukizikunja. Hiyo ni lazima, maana nyasi mbichi zinaoza na kuleta wadudu. Tulishona magunia yawe kama magodoro membamba, tukayapanga juu ya fito zilizofungwa kwa kamba, kisha tukapaka chini yake lipu nyembamba ya udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Lipu hiyo si urembo. Majani makavu na mshumaa ni maadui. Udongo ndio unaowatenganisha.

Kipimajoto kilisoma 16 na nusu alfajiri ya kwanza. Nje 12. Mtu anayelala na hita ataona nyuzi mbili ni kitu gani. Muulize mama aliyeacha kuamka usiku kupapasa miguu ya watoto kama bado ina joto.

Sasa ndiyo tukafika kwenye ukuta, na swali la unene. Ukuta mmoja ulikuwa unapigwa na upepo wa bondeni. Tulisimamisha mabua kwa ndani, tukafunga fito, tukajaza majani, tukapiga lipu. Kijana mmoja akataka tuweke sentimita 15 kabisa, "tumalize kazi." Nikamwonyesha daftari. Kama tungefanya kuta zote nne: sentimita 5 za kwanza zingeshusha wati 360 hadi 150. Umeokoa 210. Sentimita 5 za pili zingeshusha 150 hadi 95 hivi. Umeokoa 55. Za tatu zingekupa kama 25 tu. Kazi ni ileile, majani ni yaleyale, faida inapungua kila mara. Na ndani ya chumba cha mita 3 kwa 4, sentimita 15 kila upande zinakula karibu mita 2 za mraba. Wafanyakazi wa mashirika wanajua kipimo cha Sphere, mita za mraba 3.5 kwa kila mtu kwa uchache. Nyumba ile ya watu sita ilikuwa na 2 tu kila mmoja. Huwezi kumpa mtu joto kwa kumnyang'anya pa kulala.

Kwa hiyo jibu la unene kwa nyumba kama ile ni sentimita 5, kwenye ukuta unaopigwa na upepo kwanza. Ukibaki na majani, yapeleke juu, dari iwe 10. Usiyarundike ukutani.

Nilimwelezea hayo binamu yangu kwa simu. Yeye alihamishiwa Marekani na familia yake, jimbo lenye theluji, na alikuwa analalamikia bili ya gesi. Alicheka kwanza, akasema kule kuna mashine ya kila kitu. Lakini alipouliza fundi wa nyumba anayopanga, aliambiwa mbao za ukuta wa zamani zina nafasi ya sentimita 9 tu ya kujaza pamba ya glasi, na hakuna anayehangaika kuubomoa ili kuinenepesha. Kinachofanyika kwanza ni kuziba mianya na kumwaga pamba juu ya dari, zaidi ya sentimita 30. Paa kwanza. Mzee wetu wa Masisi hajafika Marekani, lakini wangeelewana na fundi yule.

Tulipofika Mahama nilidhani daftari langu limeisha kazi. Hapa ni Kirehe, mashariki, chini, karibu na mto Akagera, na jua halina mzaha. Kambi ilifunguliwa 2015 kwa ndugu zetu Warundi, na wao ndio walitufundisha kuishi na joto hili: ufagie mapema, upike mapema, saa nane ukae chini ya mti. Nyumba ni za matofali ya udongo na mabati, au manjanja kama tunavyosema kwetu. Saa nane mchana, ukisimama ndani, kichwa kinawaka kuliko miguu. Weka mkono karibu na bati utajua joto linatoka wapi.

Ni hesabu ileile, imegeuzwa. Kule joto lilikuwa linatoroka kupitia paa. Hapa linaingia kupitia paa. Dari ya majani ya sentimita 5 inalizuia likiwa linapanda na likiwa linashuka, haina ubaguzi. Ila ukuta sasa nampa heshima yake. Hapa mchana ni mkali na usiku una nafuu, na udongo mnene unajua kuchelewesha. Joto linalopiga ukuta wa sentimita 30 linachukua masaa manane au zaidi kufika ndani, na wakati huo jua limeshalala na unaweza kufungua dirisha. Kwa hiyo, ndugu Mrundi anayeniuliza unene akiwa hapa, namwambia: kama una udongo na maji, nenda 30 upande wa magharibi, ule unaopigwa na jua la jioni. Usijaze majani ukutani kabla hujaweka dari. Aliyeko kwenye baridi ya Kigeme, namwambia kinyume: udongo ulionao unatosha, tafuta majani.

Kwa wote nina maonyo matatu. Moja, kila nyumba ibaki na tundu la kupumua karibu na paa. Watu sita wakilala wanatoa kwa pumzi na ngozi karibu lita mbili za maji kwa usiku. Ukiziba kila kitu kwa plastiki, maji hayo yanarudi ukutani kama ukungu na kwenye vifua vya watoto. Mbili, majani yasiguse ardhi. Weka msingi wa mawe, panya na unyevu wapate kazi. Tatu, nyumba iliyozibwa vizuri ni hatari zaidi kwa mbabula kuliko nyumba yenye matundu. Ukishaziba, mbabula isivuke mlango tena, hata kwa dakika tano.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika, wanaosoma hapa na wanaopanga bajeti: tunashukuru kwa shitingi. Lakini mnapoandika "ukarabati wa nyumba", mara nyingi mstari wa kwanza ni kuta, kwa sababu ukuta uliopigwa lipu unatoka vizuri kwenye picha. Dari haionekani kwenye picha. Wekeni magunia, kamba na fito kwenye orodha. Pelekeni kipimajoto kimoja kwa kila block, kinasoma ukweli alfajiri mkiwa mmelala mjini. Mkija na wataalamu, waulize wenyeji ni wapi mtoto anaamka analia.

Wapo wanaoniambia, kwa nini kujisumbua na nyumba ambayo si yako, kesho mtahamishwa tena. Ni kweli, tulihamishwa. Tulipoondoka Gihembe, yule mama alipanda juu ya meza, akakata kamba, akashusha magunia yake ya dari, akamwaga majani nje na kuyakunja magunia kwenye mzigo. Aliniambia nyasi ziko kila mahali, gunia ndilo la kununua. Alikuwa wa kwanza kuweka dari katika kijiji chetu hapa Mahama. Kuta zake hajazigusa. Sasa anashona za majirani, watatu hadi jana, na kila mmoja anamkuta akiuliza kwanza juu ya paa.